Unauza Nyasi, Udongo au Hei? Kabla Hujaandika "Safi", Soma Hapa

Leo naongea na sisi tunaouza vitu vya bustani na malisho mtandaoni: nyasi za kupanda, udongo mweusi, samadi, mchanga, kokoto, marobota ya hei. Ukipitia posti zetu, karibu wote tumeandika neno moja. Udongo SAFI. Samadi SAFI. Hei SAFI kabisa. Na mimi nilikuwa naandika hivyohivyo, mpaka siku neno hilo liliponitoa laki mbili mfukoni.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja aliyejenga huku kwetu Chanika aliona stetasi yangu ya WhatsApp, akaagiza udongo mweusi kirikuu mbili na viroba 20 vya nyasi ya paspalamu. Jumla 480,000. Udongo nikauchukua kwa mtu ninayemjua, vijana wakamwaga, wakapanda, mama akafurahi na hela akanirushia yote siku hiyohiyo. Faida yangu 110,000. Nikajiona nimetoboa.

Baada ya wiki tano simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo uone ulichoniletea."

Nikaenda. Bustani nzima ndago zimesimama kama zimepandwa. Paspalamu inaonekana kwa shida huko chini. Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe si uliandika safi? Ulipimaje?"

Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimepima chochote. Niliuona udongo ni mweusi, hauna mawe, hauna mifuko ya nailoni, nikaandika safi. Nikaamua kulinda jina. Nikatoa ule udongo, nikaleta mwingine, nikanunua nyasi upya, nikalipa vijana. 310,000 ikaondoka. Toa ile faida ya 110,000, hasara ni 200,000 kamili.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma na kuuliza watu kuhusu hili swali la "ulipimaje". Nilichokipata nawapa hapa, ili ninyi mjifunze bure.

KWANZA, TUNAOGOPA NINI?

Siyo kila jani ambalo hukulipanda ni janga. Kuna magugu ya kawaida, unang'oa maisha yanaendelea. Na kuna yale ambayo yakishaingia mahali, kuyatoa ni kazi ya miaka. Mengine yametoka nchi nyingine na hapa hayana wa kuyazuia, ndiyo yanaitwa mimea vamizi.

Ukitaka kuelewa uvamizi, angalia kunguru wa Dar. Hawa kunguru ni wa India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka. Leo nani anaweza kuwarudisha? Mimea nayo iko hivyohivyo, tofauti ni kwamba yenyewe inasafiri kwenye mzigo wako.

Kwa biashara zetu, kuna mitatu ya kuijua.

Ndago. Hii kila mtu anaijua. Tatizo lake liko chini ya udongo, kwenye vile viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Ukipiga jembe unaikata ile mnyororo, kila kiazi kinaota kivyake. Wataalamu wa magugu wanaiweka kwenye orodha ya magugu mabaya kuliko yote duniani. Inasafiri kwenye udongo mweusi na kwenye mizizi ya nyasi za kupanda.

Gugu karoti. Kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni meupe madogo madogo, shina lina mistari na vinyweleo. Asili yake ni Marekani ya kati na kusini. Kwetu Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu mpaka 25,000, na kutoka kuota mpaka kutoa maua ni kama mwezi mmoja hivi. Ukilishika linaweza kukuwasha ngozi, na vumbi la maua yake linasumbua watu wenye pumu. Mifugo ikilila, maziwa na nyama vinaharibika ladha. Mbegu ni ndogo sana, zinasafiri kwenye hei, kwenye mchanga, kwenye kifusi cha barabara na kwenye matope ya matairi.

Magugu maji. Hili tunaliona kama tatizo la Ziwa Viktoria, na kweli lilianza kuonekana kule mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo na kuzuia mitumbwi. Lakini jiulize lilitokaje Amerika ya Kusini mpaka likaenea duniani. Watu walilipenda kwa ua lake zuri la zambarau, wakalibeba kama mapambo ya bwawa. Yaani lilianza kama bidhaa ya wauza maua. Wenzetu hao!

WENZETU WAMEFANYAJE?

Marekani wana mfumo mzima wa kuthibitisha kwamba hei haina magugu mabaya. Ulianzia kwenye shida ya kawaida kabisa. Watu walikuwa wanaingia misituni na kwenye hifadhi wakiwa na farasi, wanabeba na hei ya kuwalisha. Baada ya muda magugu yakaanza kuota kando ya njia na pale walipolala. Leo hii hifadhi kama Yellowstone haikuruhusu kuingia na hei ambayo haijathibitishwa. Baadaye mfumo ukapanuka mpaka kwenye kokoto na matandazo ya bustani.

Ukiutazama mfumo wao, mambo manne ni ya kujifunza.

Moja, ukaguzi unafanyika shambani kabla majani hayajakatwa. Mkaguzi anatembea shambani siku chache kabla ya kuvuna. Hasubiri robota lifungwe. Mbegu yenye ukubwa wa punje ya mchanga ukishaifunga ndani ya robota, nani ataiona?

Mbili, wana orodha. Cheti hakisemi shamba halina jani lolote lingine. Kinasema hakuna mbegu wala vipande vya kuotesha vya magugu yaliyotajwa kwenye orodha. Ni ahadi fupi inayoweza kukaguliwa.

Tatu, mzigo uliopita una alama, kama kamba ya rangi maalumu au lebo, ili usichanganywe na mwingine.

Nne, kwenye kokoto na mchanga wanakagua machimbo yenyewe na zile lundo. Kama juu ya lundo magugu yameota na kutoa mbegu, hakuna haja ya maabara.

Sasa twende Australia, jimbo la Queensland. Kule gugu karoti liliwahi kuingia na mbegu za malisho zilizotoka Texas, mnamo mwaka 1960. Soma tena hapo: mbegu za malisho. Mtu alinunua majani ya kulisha ng'ombe, akapata na gugu linaloharibu maziwa. Likaenea kwenye eneo kubwa la malisho na mpaka leo wanapambana nalo. Kutokana na shida kama hizo wana fomu inaitwa tamko la usafi wa magugu. Muuzaji wa hei, mbegu, udongo au hata trekta anamjazia mnunuzi: mzigo umetoka wapi, umekaguliwaje, ninachojua ni hiki na nisichoweza kuhakikisha ni hiki. Anaweka saini.

Mimi nilipoiona hiyo nikasema hii ndiyo saizi yetu. Haihitaji maabara. Inahitaji daftari na ukweli.

HAPA KWETU

Kabla ya yote, tofautisha CHETI na TAMKO.

Cheti ni cha mamlaka. Mambo ya afya ya mimea yako chini ya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ukitaka kuingiza au kutoa mimea na mbegu nje ya nchi, hao ndio wa kuwaona. Upande wa mbegu, kuna TOSCI, Taasisi ya Uthibitishaji Mbegu Tanzania. Kwa hiyo ukinunua mbegu za malisho uanze kulima hei, nunua zenye lebo ya TOSCI. Mbegu ikipimwa maabara, kinachoangaliwa siyo kuota peke yake, wanaangalia pia imechanganyika na mbegu gani nyingine.

Tamko ni la kwako. Unamwambia mteja ulichokifanya kwa mikono yako. Mimi sijawahi kuona hei wala udongo mweusi huku Chanika ukiuzwa na lebo ya kuthibitisha kwamba hauna magugu. Ndiyo maana nafasi ipo. Ila tafadhali, usichapishe karatasi yenye muhuri ukaiita cheti. Huo ni utapeli, na siku ukibanwa hakuna wa kukutetea.

HATUA NINAZOFUATA MIMI SASA HIVI

1. Naenda shambani kabla ya kukatwa. Kama ni hei, naomba kuona shamba likiwa limesimama. Natembea katikati na pembeni, hasa kwenye mipaka, njia za ng'ombe na karibu na barabara, maana magugu yanaanzia huko. Napiga picha na video. Nikikuta kona ina gugu baya, tunakubaliana kona ile haikatwi pamoja na nyingine. Kama safari ni ndefu, namwomba mkulima anipigie simu ya video akiwa anatembea shambani. Kuna watu wamejipanga kwenye malisho, mfano lile shamba la serikali la mbegu za malisho Vikuge, Kibaha. Lakini popote unaponunua, utaratibu ni uleule: uone kwanza.

2. Nauliza yalikatwa lini. Majani yanayokatwa kabla hayajakomaza mbegu yana faida mara mbili. Mifugo inapata lishe bora, na magugu mengi yaliyojificha humo huenda yakawa hayajatoa mbegu. Majani yaliyoachwa mpaka yakawa kama fagio, achana nayo.

3. Udongo naupima kwa ndoo. Hii ni rahisi na ingeniokolea ile laki mbili. Chukua udongo sehemu tano tofauti za lundo, juu, chini na katikati. Changanya. Kwanza chekecha kidogo kwa mkono utafute vile viazi vya ndago, vyeusi vigumu. Halafu jaza kwenye beseni au ndoo iliyotobolewa chini, weka kwenye jua la wastani, mwagilia kila siku kwa wiki tatu. Kwa joto letu la Dar, kitakachoota utakiona. Andika tarehe na upige picha siku ya kwanza na siku ya mwisho. Nyasi za kupanda nazo nafanya hivyohivyo, kiroba kimoja nakipanda kwangu kabla sijachukua viroba hamsini.

4. Samadi naichukua iliyoiva. Mbegu nyingi zinapita tumboni kwa ng'ombe au mbuzi zikiwa nzima. Samadi mbichi ni sawa na kuuza mbegu za magugu kwenye gunia. Lundo likipandishwa vizuri, likimwagiwa maji kidogo na kugeuzwa geuzwa, katikati linachemka mpaka nyuzi 55 na zaidi. Likikaa kwenye joto hilo siku kadhaa, mbegu nyingi zinakufa. Cha muhimu ni kugeuza, ili za pembeni nazo ziingie katikati. Ukichoma mkono katikati ya lundo na hausikii hata uvuguvugu, na halijawahi kugeuzwa, hiyo haijaiva, imekauka tu.

5. Mchanga, kokoto na kifusi naangalia lundo. Kama juu kumeota, sichukui. Naomba kuchotewa upande uliochimbwa karibuni, tabaka la juu lenye mizizi liwe limeondolewa.

6. Gari linafagiliwa kabla ya kupakia. Kirikuu iliyobeba samadi jana na hei leo inachafua kila kitu. Fagia bodi, pigapiga turubai, ndipo upakie. Na mzigo ufunikwe. Sisi wa Chanika tuko jirani na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Kinachodondoka barabarani hakiishii barabarani.

7. Mizigo haichanganywi. Kila mzigo una namba kwenye daftari: tarehe, kijiji ulikotoka, nani kauza, nani kabeba, picha zipo. Nabakiza na kifuko kidogo cha sampuli. Mteja akilalamika baada ya mwezi, najua ni mzigo upi na nani wengine waliuziwa, nawapigia mapema kabla hawajanipigia wao.

UKIKUTA MMEA USIOUELEWA

Usibishane na mtu. Piga picha ya jani, ua na shina, mpelekee afisa kilimo au afisa mifugo wa kata. Kama unahisi ni gugu karoti usilishike mikono mitupu, vaa glovu na uzibe pua. Usilitupe jalalani likiwa na maua, maana hapo unalisambaza zaidi.

NAMNA YA KUANDIKA POSTI

Zamani niliandika: "Udongo mweusi safi 100%, wahi sasa."

Siku hizi naandika: "Udongo mweusi, mzigo namba 14, kutoka Kisarawe. Nimeupima kwenye ndoo wiki tatu, ndago haikuota. Picha za siku ya kwanza na ya mwisho zipo, uliza nikutumie. Ndago ikiota ndani ya siku 30 nijulishe, nakuja kuangalia."

Ona tofauti. Sijasema haina gugu lolote. Nimetaja gugu gani, nimepimaje, muda gani, na likitokea nitafanya nini. Mteja anapata cha kushika, na mimi najua mwisho wa ahadi yangu uko wapi. Neno "100%" nimelifuta kabisa, kwa sababu hata wale Wamarekani wenye wakaguzi waliosomea hawalisemi.

Kwenye hei naongeza mstari mmoja: "Shamba nimeliona kabla ya kukatwa, video ipo." Wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wa maziwa wanaelewa haraka sana. Maziwa yakikataliwa wiki moja tu, hasara yake inazidi bei ya marobota.

JE, INALIPA?

Niseme ukweli, inagharimu. Nauli ya kwenda shambani, wiki tatu za kusubiri ndoo, muda wa kuandika daftari. Mimi nimeongeza bei kidogo na wapo wateja waliohama. Juzi kati ililetwa hei ya bei poa sana, nikafungua robota moja nikakuta vichwa vya maua vimekauka, vyeupe vidogo, sivielewi. Dereva akaniambia, "Bosi, hayo majani tu, mbuzi hachagui." Nikamwambia, "Kaka, samahani, rudisha." Nilikuwa na oda tatu zinasubiri. Mmoja akaenda kununua kwingine. Iliniuma, sidanganyi.

Lakini nikafikiria ule mzigo kama ungeingia kwenye mabanda matatu, mbegu zikapita kwenye samadi, samadi ikaja kununuliwa na mimi mwenyewe nikaiuza kwenye bustani. Yaani ningekuwa nasambaza gugu Chanika nzima na kwenye posti nimeandika safi.

Yule mama wa ndago hajaniagiza tena. Ila mwezi uliopita alinitumia namba ya jirani yake, akaandika: "Huyu ana bustani kubwa. Mwambie ulivyopima." Nikamtumia jirani picha za ndoo kabla sijamtajia hata bei.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujapandisha posti nyingine, chota udongo wako ndoo moja, mwagilia, andika tarehe. Baada ya wiki tatu utakuwa na jibu la yule mama.

Biashara njema.